Kifundo Kilichokwama Matanomadh

Nyuma ya Stendi ya Zamani,
Bhuj, Kutch.
Jumapili, 9 Februari

Mpendwa Urmi, mdogo wangu,

Kabla sijasema lolote niambie kwanza, kifua kimepona? Mama yako alinieleza kwamba baridi ya Winnipeg ilikulaza kitandani, na kwamba hata bomba la maji la nyumbani kwenu liliganda. Nilimjibu kuwa hiyo si nchi, ni jokofu. Shemeji Ketan hajambo? Na Nitya, meno ya mbele yameota? Mwambie mama yake mkubwa amemwekea tiara nyekundu ya sikukuu ya Uttarayan, na asidanganywe na mtu kwamba kuna tiara nzuri kuliko za huku.

Sisi ni wazima, namshukuru Mungu. Mama yangu, shangazi yako, bado analalamikia magoti kila baridi inapoingia, ila ulimi wake hauna ugonjwa wowote. Juzi alimfukuza muuza maziwa kwa maneno matupu, na leo asubuhi amemwita tena kwa sababu hakuna mwingine.

Nimechagua barua ya mkono kwa sababu jambo lenyewe halifai kupitia kwenye simu, ambako ukoo mzima umejikusanya kundi moja na kila mtu anasoma cha mwenzake. Kaa chini. Kama Ketan yupo, mwambie akutengenezee chai.

Urmi, nimekulipizia.

Unayajua mengi ya haya nitakayoandika, lakini niache niyaseme tangu mwanzo, maana katika nyumba yetu hayajawahi kusemwa yote kwa mkupuo mmoja. Kila mtu ana kipande chake alichokificha.

Mkono ule wa roboti uliuchora wewe, kwenye meza yetu ya kulia, ulipokuwa mwaka wa tatu chuoni. Profesa Anjaria, mlezi wa timu yenu, aliusifu. Ilipokaribia safari ya mashindano ya magari ya kuchunguza Mirihi akasema msichana jangwani ni mzigo, akampa mpwa wake Tejas nafasi yako na mkono wako. Ulipolalamika, akaligeuza neno: kwamba mkono ni wa Tejas, na mwizi ni wewe. Akamwita baba yako ofisini, akamkaribisha chai, akamwambia kwa sauti ya huruma kwamba hatakupeleka mbele ya uongozi wa chuo, kwa kuiheshimu familia. Na yeye, mjomba wangu Valji, ambaye maisha yake yote ameamini kwamba mwalimu haongopi, akaamini. Hukumaliza chuo. Mwaka haukugeuka kabla hujapandishwa ndege kwenda kwa mume. Ketan kawa mtu mwema, lakini hiyo ilikuwa bahati yako, hakuna aliyeipanga.

Siku unafunga sanduku nilikuwa nimekaa mlangoni kwako. Hukulia. Ulikunja sari zako ukaniambia, "Dada, hawajui hata ule mfereji ni wa nini."

Nililimeza neno hilo zima zima. Kwenye kifundo cha ule mkono ulikuwa umechora mfereji mwembamba kuzunguka chuma, wa kukalia pete ya mpira, ile mafundi wanayoiita sili, ili vumbi lisiingie kwenye beringi. Walikutoa kwenye timu kabla hujaiweka pete yenyewe. Walichukua mwili wakaacha roho. Wahenga walisema mwenye kovu usidhani kapoa. Mimi sikupoa, Urmi. Nilikuwa nafundisha wanafunzi wangu, napika, nacheka harusini, na lile jambo linakaa kifuani kama kaa chini ya majivu.

Sasa sikiliza. Mwaka huu mashindano ya magari ya Mirihi yaliletwa kwetu, Matanomadh, kwa sababu udongo wa kule unafanana na wa ile sayari kuliko mahali pengi. Waandaaji wakanitafuta niwe mtunga majaribio, mimi na Imtiyaz Khatri, yule mtaalamu wa miamba anayeongea taratibu kama anapima dhahabu. Unakumbuka yanavyokwenda: wanafunzi wanafungiwa hemani, gari lao liko bondeni, hawalioni ila kwa kamera yake. Sisi ndio tunaoamua gari litakutana na nini huko.

Kazi hii ni tamu kuliko nilivyodhani. Jaribio likiwa jepesi wote wanapita na hujajua aliye hodari. Likiwa gumu mno wote wanaanguka na hujajua kitu vilevile. Tulikuwa tukishinda bondeni na Imtiyaz tukibeba mawe, tunapima miteremko kwa miguu yetu, tunalala kifudifudi ili tuone kile ambacho kamera itakiona. Mama alisema kwa umri wangu wanawake wengine wanacheza na watoto na mimi nacheza na matope.

Majina ya timu yalipofika, nikakiona chuo chenu. Wakatuma na picha za gari lao. Nikaikuza picha ya mkono mpaka nikakiona kifundo. Mfereji ule ule, Urmi. Miaka yote hii wanachonga chuma kipya, na kila mara wanaukata mfereji wako kwa uaminifu kama watu wanaonakili sala ya lugha wasiyoijua. Ndani yake hamna kitu. Na juu ya gari bango kubwa: "Mkono uliobuniwa na Profesa Anjaria." Tejas keshapata kazi kubwa mjini kwa mkono wako, basi mjomba wake akaona asiache urithi ukapotea.

Siku hiyo nilikula vizuri. Nilikula chapati za uwele na siagi mpaka mama akaniuliza kama kuna posa imekuja.

Nikatunga jaribio. Gari lishuke shimoni, lichote udongo wa mfinyanzi uliosagwa laini kama poda ya mtoto, liutie kwenye chupa na kufunga kifuniko, huku feni kubwa inapuliza vumbi. Mirihi yote ni vumbi, hakuna ambaye angesema nimeonea. Nikatunga na sharti moja la kikao cha maswali: yeyote ambaye jina lake limeandikwa garini kuwa ndiye mbunifu wa kitu, ndiye atakayekielezea mbele ya watu.

Imtiyaz aliyasoma yote mawili, akanywa chai yake hadi mwisho, akaniangalia.

"Dada, hili shimo unamchimbia nani?"

"Namchimbia yeyote asiyejua kuzuia vumbi."

"Mchimba kisima huingia mwenyewe, hujasikia?"

"Nimesikia. Nimevaa viatu vizuri."

Hakucheka. Ikabidi nimwambie kwamba kuna mtu nina kisa naye, sikumtajia mfereji. Akafikiri, akasema, "Jaribio lenyewe ni la haki, nisingelikataa hata lingetungwa na shetani. Lakini tutawatangazia wote mapema, vumbi, feni, sharti la jina, kila kitu. Aliye na masikio ajitayarishe. Na siku ya maswali wewe hukai mezani. Nauliza mimi."

Lilinikera, maana nilikuwa nimejizoeza maswali mbele ya kioo. Nikakubali. Baadaye niliona alinifanyia hisani, kwa sababu Anjaria alipata miezi ya kujiokoa, na hakujiokoa. Nimelipiza bila kuvunja hata sheria moja, na siwezi kukueleza utamu wake.

Mahema ya mashindano nilihakikisha yanatoka kwa baba yako. Mahema ya harusi ya mjomba ndiyo bora Kutch nzima, hilo ni kweli, lakini nilimtaka yeye mwenyewe. Nikamwambia upepo wa Matanomadh haubembelezi, asitume vijana, aje akaze kamba kwa mkono wake. Akaja. Sikumwambia nani mwingine anakuja.

Profesa Anjaria amenenepa, nywele kazipaka rangi nyeusi tii. Alipomwona mjomba alimkumbatia mbele ya watu, "Valjibhai, kaka yangu," na mjomba akainama akakunja viganja vyake kwa heshima. Urmi, nilishika kamba ya hema ili nisishike kitu kingine.

Wanafunzi wake hawana ubaya. Kuna binti mmoja, Maitri, mwembamba, anavaa shati la kaka yake, ndiye msimamizi wa mkono. Nilimwona akizunguka kile kifundo kama mtu anayemchunga mgonjwa. Nilipopita akaniuliza kama udongo wa shimoni ni laini kweli kama tulivyotangaza. Nikamwambia ni laini kuliko tulivyotangaza. Akageuka akamtazama mwalimu wake.

Zamu yao ilifika jua likiwa limepanda. Gari likashuka shimoni vizuri, mkono ukanyooka, kijiko kikachota. Watu wakapiga makofi. Feni ikapuliza. Kijiko cha pili, kifundo kikaanza kutoa mlio kama wa meno yanayosaga mchanga. Cha tatu hakikuja. Mkono ulibaki hewani na udongo wake, unatetemeka, kama mzee aliyesahau alichotaka kusema.

Nilikuwa nimekaa na mjomba kivulini. Nilijisikia kama nimekunywa sharubati ya baridi.

Kutoka hemani tulisikia sauti ya Anjaria, maana hema la harusi halizuii sauti. "Umefanya nini? Mkono huu umeshinda miaka yote, wewe umeugusa mara moja umeuua."

"Mwalimu, nilikuomba sili tangu tangazo lilipotoka. Nilikuomba mara mbili."

"Hauhitaji sili. Nimeuchora mimi, najua unahitaji nini."

"Basi naomba ruhusa nitoke nikaufungue."

"Utatupotezea alama. Usiguse."

Akatoka. Mtoto yule alitoka hemani akatembea mpaka shimoni mbele ya macho ya kila mtu, akainua mkono kwa waamuzi kukubali kukatwa alama. Akapiga magoti kwenye vumbi, akafungua kifundo kwa bisibisi, akapuliza, akafuta, kisha akachomoa mfukoni puto la kuchezea, akalikata, akalivuta juu ya kiungo na kulifunga kwa uzi. Alikuja nalo tayari, Urmi. Alijua. Mkono ukaamka, ukachota, chupa ikajaa nusu, muda ukaisha. Nusu tu.

Hapo palinichoma. Wewe unajua kwa nini. Nilikuwa nimetega mtego wa fisi, na aliyekuja kwanza kunusa ni swala. Lakini nilijiambia kikao cha maswali bado.

Kikao kilifanyika kwenye hema kubwa, gari la kila timu likiwekwa mbele juu ya meza. Mimi na mjomba tulikaa nyuma kabisa. Imtiyaz aliwauliza wote kwa mtindo mmoja: anachagua sehemu iliyoleta tabu, kisha anataka kila tundu na kila mkato uelezwe. Timu yao ilipofika, akachukua kile kifundo kilichofunguliwa, akasoma bango.

"Profesa, jina lililoandikwa ni lako. Tueleze."

Anjaria akaeleza mota, akaeleza gia, kwa Kiingereza kirefu. Imtiyaz akamsubiri amalize, kisha akaweka ukucha kwenye mfereji.

"Na huu?"

"Huo ni wa kupunguza uzito."

"Unapunguza uzito wa kiasi gani?"

"Kidogo. Lakini katika safari za anga kila kidogo ni kikubwa."

"Kweli. Sasa mbona ndani umesuguliwa laini hivi? Mtu anayepunguza uzito anakata tu na kwenda zake."

Anjaria akasema ni kwa ajili ya uzuri. Waamuzi wengine wakaanza kutazamana. Imtiyaz, na sura yake ile ya upole, akawageukia wanafunzi. "Nani kati yenu angependa kuongeza?"

Maitri alisimama, vumbi likiwa bado kwenye nyusi. "Ni mfereji wa kukalia pete ya mpira. Aliyeuchora alikusudia kuzuia vumbi. Sisi tumekuwa tukiukata kila mwaka na kuuacha wazi."

"Aliyeuchora ni nani?"

Binti akamtazama mwalimu wake. "Simjui. Namjua tu aliyesema ni yeye."

Nilikuwa nimekaza ngumi, nimekatazwa kusema na nimekubali, na hapo hapo nikamsikia mjomba pembeni yangu ananong'ona, si kwangu, kwake mwenyewe. "Mpira wa sufuria ya presha."

Nilimgeukia. Uso wake ulikuwa umebadilika kama ukuta uliolowa maji.

"Aling'oa mpira wa sufuria ya presha ya mama yake," akasema. "Mama yake akapiga kelele dengu zinamwagika. Binti yangu akaniletea ule mpira mezani akaniambia, Baba, tazama, vumbi ni kama mvuke, ukiliwekea hii halipiti. Akanionyesha kwenye karatasi. Mfereji huo huo. Hata Tejas sikuwa namjua wakati huo."

"Ndiyo, mjomba."

"Wewe ulikuwa unajua."

"Siku zote."

Alisimama. Unajua hatembei haraka siku hizi. Alipita katikati ya viti akiwa na vumbi la kamba viganjani, na watu wakadhani ni mwenye mahema anakwenda kurekebisha nguzo. Akasimama mbele ya Anjaria.

"Profesa. Binti yangu anaitwaje?"

"Valjibhai, hapa si mahali..."

"Nimeuliza jina. Ulinitamkia vizuri siku ile ofisini, ulipokuwa unaniambia ni mwizi. Litamke tena."

Anjaria alitazama kulia, akatazama kushoto. Nakuapia, nilihesabu kila pumzi yake. Nilitaka jina lako litoke kwenye kinywa kile kile, mbele ya watu, na wala si mimi niliyelitoa.

"Urmi," akasema.

"Mfereji ni wa nani?"

Macho yake yakaenda kwenye kile kifundo mezani. Hapo hema zima likajibiwa.

Mjomba akatikisa kichwa polepole. Nilidhani atampiga, na nisingemzuia. Badala yake akamuuliza jambo ambalo hata mimi nilikuwa silijui. "Zile peremende nilizokuwa nakuletea kila Diwali, kukuomba radhi kwa ajili ya mwanangu. Ulizila?"

Anjaria akatazama bango.

"Nimeuliza, ulizila?"

"Watoto walikula," akasema Anjaria, sauti imekuwa ndogo.

"Basi wao ziwe halali yao. Wewe zikukwame."

Akageuka akatoka nje. Imtiyaz akaandika kitu, akasema kwa utaratibu wake kwamba waamuzi wametambua mbunifu si aliyetajwa, na kwamba alama za ubunifu hazitolewi. Wanafunzi wenyewe ndio walioshusha bango, hakuna aliyewaambia. Anjaria aliondoka kwa gari la kukodi, hakungoja chakula. Timu yake ilibaki, ikala mkate wa dabeli na sisi, na Maitri akala mitatu. Wameshika nafasi za chini, na hilo nalibeba. Nilimwita pembeni nikamwambia huo mkono ni wa binamu yangu aliyeko ng'ambo. Hakushangaa sana. Aliniuliza kama ulikuwa umeshachagua unene wa pete, kwa sababu yeye ana mawazo yake. Nimempa anwani yako, unisamehe kama nimevuka mpaka. Mtoto wa namna hiyo sikuweza kumnyima.

Usifikiri nimetubu. Watu hapa wananiambia sasa nipumzike, nimwachie Mungu. Namwachia kilichobaki. Chuo chake kimeomba taarifa kwa waamuzi, na Imtiyaz ameiandika bila kuongeza chumvi, nayo inatosha bila chumvi. Nasikia jina la Tejas nalo limeanza kuulizwa huko kazini kwake. Nimeipokea habari hiyo kwa furaha na sioni haya.

Limebaki la baba yako. Tangu turudi kutoka Matanomadh hajaenda dukani. Kila jioni anakuja kwetu, anakaa barazani, anamuuliza mama habari za magoti, basi. Jana akaniambia, "Mwanangu Falguni, mwandikie. Muulize kama nikipiga simu ataishika. Si ile ya kuuliza hali ya hewa. Simu yenyewe." Nikamuuliza atasema nini. Akasema hajui, ila atasema yeye kwanza.

Nimemtimizia, nimekuuliza. Simwombei, wala sikukatazi. Alikuwa na macho na mfereji aliuona, akachagua kikombe cha chai cha Anjaria. Mimi nampenda mjomba wangu, lakini wewe ndiye uliyefunga sanduku.

Shangazi yako anakusalimu sana na anasema ule samli kama huko ipo. Mama yako anakusalimu, amelia siku nzima na sasa anapika kupita kiasi. Imtiyaz, ambaye hamjaonana, ameomba salamu zake zifike kwa mwenye mfereji. Nibusie Nitya, na umwambie Ketan namheshimu. Mungu akulinde na hiyo baridi, akujaze nguvu mikononi, na ile meza yako ya kuchorea isikae bure tena.

Baba yako yuko nje barazani sasa hivi ninapoandika, anajifanya anasoma gazeti. Anajua barua itakwenda siku nyingi na jibu litarudi siku nyingi. Usijibu upesi, Urmi. Mwache angoje kidogo.

Ni mimi dada yako, nikupendaye na nisiyesahau,
Falguni